Habari za jeshi haziko kambini

Msomaji wa Mombasa anauliza: "Nina miaka 26, nina stashahada ya uanahabari, na huu ni mwaka wangu wa tatu redioni. Nikivuka feri ya Likoni huziona meli za kijeshi upande wa Mtongwe, nikajiambia kuna mambo pale hakuna anayetueleza. Nataka niwe mwandishi wa masuala ya jeshi na ulinzi. Mhariri wangu ananicheka, anasema bila mjomba jeshini nitaishia kusoma taarifa za msemaji tu. Nianzie wapi? Na kazi hii inalisha, au nitaishia rumande?"

Mwanangu, mhariri wako ana ukweli nusu. Mimi mjomba jeshini nilikuwa naye, sajini. Kwa miaka yote niliyokuwa nikiandika habari za ulinzi hakunipa hata moja. Nilipomuuliza chochote alinimiminia chai na kuniuliza nitaoa lini. Alipostaafu ndipo akaanza kuzungumza, na hapo aliyoyajua yalikuwa yamepitwa na wakati. Kilichonilisha mimi ni karatasi, na watu wanaoishi kando ya jeshi: makarani, madereva, mafundi, wajane, mabaharia. Kambi ina ukuta na lango lenye bunduki. Lakini kila kinachoingia kambini kimenunuliwa mahali, kimesafirishwa na mtu, kimelipiwa na hazina, na kila anayetoka humo kwa mara ya mwisho huzikwa kijijini kwao mbele ya umati. Huko ndiko habari zilipo, na huko hakuna anayekuuliza kitambulisho.

Nawe unaishi katika mji uliotoa mfano mzuri kuliko yote ninayoijua katika eneo letu.

Tarehe 25 Septemba 2008 maharamia wa Kisomali waliiteka meli ya Faina, iliyotoka Ukraine ikija Mombasa. Tumboni mwake mlikuwa na vifaru 33 aina ya T-72, pamoja na maroketi, mizinga ya kutungulia ndege na risasi. Serikali ya Kenya ikasema mzigo ni wa jeshi lake. Andrew Mwangura, aliyekuwa akiongoza mpango wa kusaidia mabaharia hapo hapo Mombasa, akasema sivyo, vifaru vile vinakwenda Sudan Kusini. Siku chache baadaye alikamatwa na kufikishwa mahakamani. Kisha hati ya shehena ya meli ikatoka hadharani, na kwenye safu ya mikataba kulikuwa na herufi nne: GOSS. Yeyote aliyefuatilia Sudan miaka ile alizijua; ndivyo serikali ya Sudan Kusini mjini Juba ilivyofupishwa kwa Kiingereza. Msemaji wa serikali wa wakati huo, Alfred Mutua, akaeleza kwamba ni kifupisho cha ndani kinachohusu zana na usalama kwa jumla.

Sasa jiweke mahali pa mwandishi wa siku ile. Huna jenerali wa kumpigia simu. Una karatasi na una maelezo ya serikali, na lazima kimojawapo kiwe kimekosea. Hapo ndipo ujuzi wa fani unapolipa. Jeshi la Kenya lilikuwa likitumia vifaru vya Vickers vya Uingereza, vyenye mzinga wa milimita 105. T-72 ni ya Kisovieti na mzinga wake ni wa milimita 125. Risasi ni nyingine, vipuri ni vingine, mafunzo ni mengine, na karakana haziingiliani. Mwandishi anayelijua hilo halazimiki kumwita mtu mwongo. Anauliza tu: mafundi wa T-72 watafunzwa wapi, lini, na fungu lao liko ukurasa gani wa bajeti? Swali la namna hiyo halina majibu ya juu juu, na halivunji sheria yoyote.

Meli iliachiwa Februari 2009 kwa fidia ya dola milioni 3.2, ikatia nanga bandari ya Kilindini, Mombasa, na vifaru vikashushwa mchana kweupe. Miezi michache baadaye jarida la Jane's Defence Weekly likachapisha picha za setilaiti zilizoonyesha vifaru vya aina hiyo katika eneo la jeshi karibu na Juba. Mwisho wa 2010, nyaraka za kibalozi za Marekani zilizovujishwa na WikiLeaks zikamaliza ubishi: Mwangura alikuwa amesema kweli, na Faina haikuwa shehena ya kwanza. Zingatia nani aliijua habari hii kabla ya dunia nzima. Baharia aliijua. Karani wa meli aliijua. Kuli aliyefunga minyororo kwenye behewa la treni aliijua, hata kama hakujua jina la kifaru.

Kwa hiyo nyumba yako ya kwanza iwe bandari. Jifunze kusoma manifesti, yaani hati ya shehena, jifunze kufuatilia meli kwenye tovuti zinazopokea mawimbi yao, wajue mawakala wa forodha kwa majina na kwa watoto wao. Na huko Mtongwe kuna kisa kingine cha kukufundisha: meli ya KNS Jasiri. Mkataba wake ulitiwa saini 2003, ukaingia kwenye orodha ya mikataba ya kashfa ya Anglo Leasing, na meli yenyewe ikafika Mombasa 2012. Mengi ya miaka tisa hiyo yamo katika ripoti za kamati za bunge na za mkaguzi wa hesabu za serikali.

Kuna jambo linalowasumbua waandishi wetu wa Kiswahili kuliko siri za jeshi, nalo ni lugha ya jeshi. Mwaka wangu wa pili niliandika kwamba "vifaru" vimepita barabara kuu usiku. Asubuhi nikapigiwa simu na mzee mmoja mstaafu, hakutaja jina: "Kijana, kifaru kina minyororo. Ulichokiona kilikuwa na matairi manane. Hiyo ni deraya ya kubebea askari." Akakata. Niliona aibu kwa wiki nzima, lakini nilielewa kitu: wanajeshi wanasoma kila neno tunaloandika, na wakikukuta hujui kutofautisha deraya na kifaru, wanajua huwezi kuaminiwa na jambo kubwa zaidi. Yule mzee alikuja kuwa mwalimu wangu.

Vyeo ni hivyo hivyo. Vyombo vyetu humwita kila aliyevaa magwanda "afisa wa jeshi." Jeshini, afisa ni aliyepewa kamisheni, kuanzia luteni wa pili kwenda juu. Koplo si afisa, sajini si afisa, na ukimwandika hivyo kwenye habari ya kifo chake, wenzake kikosini watajua hukumjua. Luteni Kanali si Kanali. Jua platuni ina watu wangapi kwa kukadiria, kombania ni platuni ngapi, batalioni ni kombania ngapi. Si mapambo haya. Ukiambiwa "kombania nzima imeshambuliwa" na serikali ikasema waliokufa ni "wachache," unakuwa na kipimo kichwani cha kuanzia maswali.

Hapo ndipo ninapofika El Adde.

Alfajiri ya 15 Januari 2016, Al-Shabaab walivamia kambi ya wanajeshi wa Kenya waliokuwa chini ya AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika, huko El Adde, mkoa wa Gedo, Somalia. Kenya haikutoa idadi kamili ya waliouawa. Rais wa Somalia wa wakati huo, Hassan Sheikh Mohamud, alizungumzia kwenye televisheni askari 180 hadi 200; Nairobi ikamkanusha. CNN baadaye ikachunguza na kusema waliouawa walikuwa 141 kwa uchache. Siku nane baada ya shambulio, mwandishi Yassin Juma alikamatwa kwa yale aliyoyaweka mtandaoni kuhusu El Adde, kwa kosa la kutumia vibaya chombo cha mawasiliano chini ya kifungu cha 29 cha sheria ya habari na mawasiliano. Aprili mwaka huo huo, katika kesi ya mtu mwingine, Mahakama Kuu ikakitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha katiba.

Mimi sikwenda Gedo. Nilikwenda mazishini. Kwetu Kenya, mazishi yana kijitabu: picha ya marehemu jaladani, ratiba ya ibada, nyimbo, na wasifu. Huo wasifu umeandikwa na ndugu kwa fahari, na fahari haijui kuficha. Mwaka aliojiunga na jeshi. Mahali alipofunzwa. Kikosi chake. Mwezi aliotumwa Somalia. Cheo alichopandishwa mwaka jana. Nakikumbuka kimoja, karatasi yake ya kung'aa imepigwa na vumbi jekundu la magharibi, kimekunjwa mara nne kwenye mfuko wa shati langu. Nilikaa kwenye viti vya nyuma chini ya hema, nikala wali na maharage pamoja na majirani, nikamsikiliza mwalimu wake wa darasa la saba akieleza jinsi kijana alivyokuwa mlinda lango. Sikumpelekea mjane kinasa sauti. Nilimpa pole, nikaandika namba ya shemeji yake, nikaondoka. Wiki mbili baadaye shemeji alinipigia mwenyewe.

Kijitabu kimoja ni huzuni ya nyumba moja. Vijitabu ishirini kutoka kaunti tofauti, vyenye kikosi kimoja na mwezi mmoja, ni ushahidi. Ukivipanga mezani utaona kikosi gani kiliumia na kwa kiasi gani, bila kuvunja lango la kambi yoyote wala kumlazimisha askari kuvunja kiapo chake. Ila uwe na adabu. Usichapishe jina kabla familia haijaarifiwa, hata kama mwenzako wa kituo kingine amekwisha kulitaja.

Mhariri wako ameniudhi alipomdharau msemaji wa jeshi. Msemaji ni chanzo kama chanzo kingine: mpigie simu kila mara, mpe muda wa kujibu, mnukuu sawasawa, halafu mchunguze. Operesheni ya Linda Nchi, ya jeshi la Kenya kuwafuata Al-Shabaab ndani ya Somalia, ilipoanza Oktoba 2011, msemaji wa jeshi, Meja Emmanuel Chirchir, aliandika sana Twitter, jambo geni kwa jeshi letu. Novemba alionya kwamba makundi makubwa ya punda waliobeba mizigo yatahesabiwa kuwa shughuli za Al-Shabaab, na kuwasihi watu wasiwauzie wapiganaji hao punda. Watu walicheka siku nyingi. Lakini ndani ya kichekesho mlikuwa na habari ya kweli: mvua ilikuwa imeharibu njia, magari yamekwama, na usafirishaji wa vita umerudi kwenye mgongo wa mnyama. Mwandishi makini angekwenda Garissa na Liboi kuuliza bei ya punda. Januari iliyofuata msemaji huyo huyo aliweka picha ya mtu akiuawa kwa mawe, akisema ni Mkenya aliyejiunga na Al-Shabaab. Ikabainika ni picha ya 2009. Kwa hiyo picha ya jeshi nayo ipitishe kwenye kipimo kile kile unachoipitishia picha ya adui.

Utapata pia mialiko. Jeshi huwachukua waandishi kwa ndege, huwavisha kofia ya chuma na fulana ya kinga, huwapeleka mahali palipo salama na kuwarudisha. Nenda. Utajifunza harufu ya kambi, chakula, uchovu, namna askari wanavyoongea na makamanda wao. Lakini jua kwamba anayekulisha, kukusafirisha na kukulinda ndiye anayechagua dirisha utakalochungulia, na mwambie msikilizaji wako hivyo kwenye habari yenyewe.

Mara nyingine jeshi lako litaandikwa vizuri zaidi na watu wa mbali. Januari 2020 Al-Shabaab walishambulia uwanja wa ndege wa Manda, Lamu, wakaua Wamarekani watatu. Machi 2022 Pentagon ikatoa hadharani matokeo ya uchunguzi wake, yakiwa na lawama juu ya walinzi wake wenyewe waliobweteka. Hilo lilitokea katika ardhi yetu, na Mlamu aliyetaka kulielewa ilibidi asome nyaraka za Washington. Vile vile, Januari 2017 serikali ya Marekani iliiarifu Congress kuhusu mpango wa kuiuzia Kenya ndege 12 za AT-802L zenye silaha, ambazo asili yake ni ndege za kunyunyizia dawa mashambani, pamoja na mbili za mafunzo, kwa dola milioni 418. Tangazo liliwekwa wazi mtandaoni. Wabunge wa huko wakahoji bei, na mwishowe ndege hazikununuliwa. Jenga mazoea ya kusoma matangazo hayo, ripoti za jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa kuhusu Somalia na Kongo, na takwimu za biashara ya silaha za SIPRI, taasisi ya utafiti ya Stockholm. Ni bure, na ni wachache mno kwenye vyumba vyetu vya habari wanaozifungua.

Na za kwetu usizidharau. Katiba ya Kenya, ibara ya 240, inadai idhini ya bunge kabla ya kupeleka vikosi nje kwa ajili ya kulinda amani. Maana yake kuna hoja, kuna mjadala, kuna Hansadi, kumbukumbu rasmi ya yanayosemwa bungeni. Tarehe 25 Juni 2024 waziri wa ulinzi wa wakati huo, Aden Duale, alipowaita wanajeshi kuwasaidia polisi wakati wa maandamano, agizo lilichapwa kwenye gazeti rasmi la serikali. Siku mbili baadaye Mahakama Kuu iliruhusu, lakini ikaitaka serikali itangaze kwenye gazeti hilo hilo wanajeshi watafanya nini, wapi na kwa muda gani. Ungekuwa unalisoma gazeti hilo kila toleo, habari ungeikuta mezani.

Sasa kuhusu rumande. Siwezi kukudanganya. Sheria ya siri za serikali ya Kenya, sura ya 187, ni pana, na upana wake ndio tatizo. Ibara ya 35 ya katiba inakupa haki ya kupata habari, na sheria ya 2016 ya haki hiyo inaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu, lakini usalama wa taifa umeachwa nje. Hata hivyo andika barua. Ukinyimwa, barua ya kukunyima nayo ni habari, na ni kinga yako siku utakapoulizwa kwa nini hukuomba rasmi. Usihifadhi hati yenye muhuri wa siri kwenye simu yako wala kwenye kompyuta ya ofisi. Isome pamoja na wakili na mhariri kabla ya kuamua lolote.

Yapo ninayoyajua na sikuyaandika. Niliwahi kuambiwa siku ambayo msafara wa askari ungepita njia fulani. Habari ilikuwa ya kweli, tena nzuri, ningekuwa wa kwanza. Sikuiandika, wala aliyeniambia hakuniomba nisiandike. Mahali askari walipo sasa, njia watakayopita kesho, jina la aliyetekwa wakati mazungumzo yanaendelea: hayo huyaandiki. Bei waliyonunuliwa viatu vibovu, hayo unayaandika hata wakikupigia simu usiku wa manane. Ukiweka mpaka huo na watu wakauona, hata wanaokuchukia watakupigia.

Hatari nyingine hazina mahakama. Julai 1993 huko Mogadishu, umati uliojaa hasira baada ya helikopta za Marekani kushambulia nyumba uliwaua waandishi wanne, wawili kati yao Wakenya wa Reuters, Hos Maina na Anthony Macharia. Mpiga picha wa Kenya Mohamed Amin alipoteza mkono wake ghala la silaha lilipolipuka Addis Ababa 1991, na mwenzake wa sauti, John Mathai, akafa papo hapo. Na upande wa pili wa mpaka, Tanzania, Azory Gwanda wa gazeti la Mwananchi alikuwa akiandika kuhusu mauaji ya Kibiti alipotoweka tarehe 21 Novemba 2017. Kabla hujaenda popote pa kupigwa risasi, pata mafunzo ya usalama na huduma ya kwanza, jifunze kuzuia damu kwa mkanda wa kubana mshipa, na mwachie mtu mmoja unayemwamini ratiba yako ya simu. Kituo kisichotaka kukukatia bima, usikiendee vitani.

Mshahara? Haba, kama wetu wote. Redio yako haitakulipa zaidi kwa sababu unajua T-72. Wanaoishi vizuri kwa kazi hii huuza kazi pia kwa vyombo vya nje, au huingia kwenye taasisi za utafiti, na hapo ndipo ninapowapoteza vijana wazuri. Kwa miaka mitatu ya mwanzo usiache habari za mahakama wala za kaunti. Mahakama hasa: kesi za wakandarasi na za askari wanaodai fidia hupita hapo hapo Mombasa bila mwandishi hata mmoja kwenye benchi.

Wiki hii fanya hivi. Fungua ripoti ya karibuni ya Mkaguzi Mkuu, nenda sehemu ya Wizara ya Ulinzi, uisome yote kwa penseli. Kila mstari usiouelewa uandike kwenye daftari. Halafu shuka Kilindini, mtafute wakala mzee wa forodha, umnunulie kahawa chungu, umwulize yeye, wala usimwambie unaandika nini mpaka akuulize. Daftari likifika mistari thelathini, niletee tuipitie pamoja.